Miaka 164 ya kushindwa, miaka 71 ya kumaliza: wawindaji wa Baja California na misheni za Kihispania

Mwaka 1533 mabaharia wa Kihispania waliokwisha kumuua nahodha wao walitia nanga katika ghuba ambayo leo ina mji wa La Paz, kusini mwa rasi ya Baja California nchini Meksiko. Kiongozi wao mpya, Fortún Jiménez, alishuka pwani na hakurudi: yeye na wenzake wapatao 20 waliuawa na wenyeji, na wachache waliopona walivuka bahari kurudi bara wakiwa na habari moja tu ya maana, kwamba kule kuna lulu. Habari hiyo ilimvuta Hernán Cortés mwenyewe, yule aliyeiangusha himaya ya Waazteki, naye akafika mahali hapo hapo Mei 1535 kuanzisha koloni. Koloni hilo halikudumu hata miaka miwili. Baada yake walikuja wengine na meli zao, askari wao na mapadre wao, na wote waliondoka. Siku Wahispania walipopata makazi ya kudumu katika rasi hiyo, pale Loreto mwezi Oktoba 1697, ilikuwa imepita miaka 164 tangu Jiménez auawe.

Sasa tutazame upande wa pili wa hesabu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba rasi ilikuwa na wakazi kati ya 40,000 na 50,000 wakati misheni ya kwanza inajengwa. Mwaka 1768, miaka 71 baadaye, katika misheni zote walihesabiwa takriban watu 7,000. Huko ncha ya kusini, ambako Jiménez aliuawa karibu nako na ambako wenyeji walikuwa wamewazuia wageni vizazi hata vizazi, karne ya 18 ilipokwisha lugha ya Wapericú ilikuwa haizungumzwi tena na mtu yeyote. Yamebaki maneno machache na majina ya mahali.

Watu walioshindikana kwa karne moja na nusu waliishaje ndani ya maisha ya mtu mmoja? Jibu la haraka ni upanga, na jibu la pili la haraka ni maradhi. Upanga ulikuwepo, lakini vita vilikuwa vichache na askari wa Loreto kwa miaka mingi walikuwa makumi tu. Maradhi yaliua wengi kuliko kitu kingine chochote, ila neno hilo likiachwa peke yake linafanya kilichotokea kionekane kama mvua ya mawe, jambo lililoanguka kutoka juu bila mkono wa mtu. Maoni yangu ni kwamba mambo haya mawili, kushindikana kwao na kumalizika kwao, yana chanzo kimoja, nacho ni namna watu hawa walivyokuwa wakipata chakula.

Majina waliyopewa

Kwanza tuyaweke majina mahali pake, maana ndiyo yanayomchanganya msomaji mapema. Vitabu husema kwamba kusini kabisa, pamoja na visiwa vya Cerralvo, Espíritu Santo na San José, waliishi Wapericú. Kuanzia La Paz hadi tambarare za Magdalena waliishi Waguaycura. Pwani ya Loreto ilikuwa ya Wamonqui. Na sehemu yote ndefu ya katikati, pamoja na jangwa la Vizcaíno, ilikuwa ya Wacochimí. Kaskazini zaidi kulikuwa na Wakiliwa, Wapaipai, Wakumiai na, kwenye delta ya Mto Colorado, Wacucapá, ambao walilima kidogo pale mto ulipofurika.

Majina haya ni ya mapadre. Mmisionari alihitaji kujua ni lugha ipi ya kuhubiria, kwa hiyo aliwapanga watu kwa lugha na kila lugha akaiita taifa. Wenyewe hawakuwa na mfalme wa Waguaycura wala baraza la Wacochimí. Jumuiya iliyokuwa na maana kwa mtu ilikuwa kundi lake, pengine la watu makumi kadhaa, pengine mia moja au mbili, lenye visima vyake na njia zake, na kundi la jirani lenye lugha ile ile lingeweza kuwa adui. Hata lugha zenyewe hazikuwa ndugu wote: Kicochimí kina uhusiano na lugha za kaskazini hadi ng'ambo ya mpaka wa Marekani, ilhali Kiguaycura hakijapatiwa jamaa wa hakika mahali popote. Kwa hiyo tukisoma kwamba mwaka fulani Waguaycura walifanya hivi au vile, tujue kwamba mara nyingi ni kundi moja lililofanya.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba karibu kila tunachokijua juu ya maisha yao kiliandikwa na watu waliokuwa wakiwatawala. Johann Jakob Baegert, Mjesuiti (yaani padre wa Shirika la Yesu la Kanisa Katoliki) kutoka Alsace huko Ulaya, alikaa miaka 17 katika misheni ya San Luis Gonzaga na kuandika kitabu kilichojaa dharau na, katikati ya dharau hiyo, maelezo makini kuliko ya wengine wengi. Miguel del Barco alikaa San Javier miongo kadhaa na kuandika juu ya mimea na wanyama kwa upendo wa wazi. Francisco Javier Clavijero, ambaye historia yake ya California (jina lililotumika wakati ule kwa rasi hii) ndiyo iliyosomwa zaidi, hakuwahi kukanyaga rasi hiyo. Aliandika akiwa uhamishoni Italia, kwa karatasi na kumbukumbu za wenzake. Upande wa wenyeji tunao akiolojia, pamoja na michoro mikubwa ya miambani katika milima ya Sierra de San Francisco, watu na wanyama wekundu na weusi waliochorwa wakubwa kuliko watu halisi, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1993. Wacochimí waliwaambia mapadre kwamba michoro ile ni kazi ya majitu yaliyokuja zamani kutoka kaskazini.

Kula jangwani

Rasi ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 na upana ambao mara nyingi haufiki 150. Uti wake ni milima, na mito inayotiririka mwaka mzima ni ya kuhesabu kwa vidole: Mulegé, San Ignacio, Comondú, La Purísima, San José na michache mingine. Mvua huja na dhoruba za mwisho wa kiangazi, na kuna miaka ambayo haiji. Eneo lote ni takriban kilomita za mraba 143,000. Kwa makadirio yale ya wakazi, hiyo ni sawa na mtu mmoja kwa kila kilomita tatu za mraba. Jangwa halikuwa tupu. Lilikuwa limejaa kiasi chake, na kiasi chake ndicho hicho.

Hawakulima wala hawakufuga, na si kwa kukosa akili. Pasipo mto hakuna shamba, na penye mto shamba lingewalisha wachache. Badala yake walijua nini kinaiva wapi na lini. Chakula cha kutegemewa siku zote kilikuwa mmea wa jamii ya mkonge, ndugu wa ule wa mashamba ya Tanga ambao nao asili yake ni Meksiko. Wanawake waliuvizia ukaribie kutoa mlingoti, wakakata majani, wakabeba vichwa vizito hadi kambini na kuvibanika kwa muda mrefu katika mashimo yenye mawe ya moto hadi ule ukali ukageuka utamu. Wanaume waliwinda kulungu, kondoo-mwitu na sungura kwa upinde. Pwani kulikuwa na samaki, chaza, kaa na kasa, na Wapericú walikwenda visiwani kwa vyelezo vya magogo mepesi yaliyofungwa pamoja, wakipiga kafi yenye ubapa pande mbili. Lulu walizipata wakila chaza. Walizikata mfuo wa kuzungushia uzi na kujipamba nazo, jambo lililowasikitisha Wahispania kwa sababu waliziona zimeharibiwa.

Na kulikuwa na pitahaya. Hili ni tunda la dungusi, jekundu, lenye maji na mbegu ndogo ndogo nyeusi, na msimu wake ulipofika makundi yaliyokuwa yametawanyika yalikusanyika, yakala usiku na mchana, yakacheza ngoma, yakaoza mabinti na kumaliza magomvi au kuyaanza. Baegert anasema kwamba watu wake walinenepa katika wiki hizo kiasi cha kumfanya ashindwe kuwatambua. Baada ya msimu ndipo lilipofuata lile lililowatia mapadre kichefuchefu, wakaliita mavuno ya pili: wakati wa pitahaya watu walijisaidia mahali palipochaguliwa, na mavi yalipokauka wanawake waliyapepeta, wakatoa mbegu ambazo tumbo halikuzisaga, wakazikaanga na kuzitwanga kuwa unga. Kaskazini ya eneo la Waguaycura iliripotiwa pia desturi ya kufunga kipande cha nyama kwa uzi, kukimeza, kukivuta na kumpa mwenzako, mpaka kimezunguka kundi zima.

Msomaji akimaliza kukunja uso ataona ni watu wa namna gani hawa. Mbegu ile ina mafuta, na kuipoteza katika nchi kama ile ni anasa. Baegert mwenyewe, ambaye hakuona haya kuwaita wavivu na wapumbavu, anakiri kwamba walikuwa na afya njema, walicheka sana, na kwamba waliishi kwa furaha zaidi ya watu wa Ulaya. Anasema pia kwamba walibadilisha mahali pa kulala zaidi ya mara 100 kwa mwaka. Hapo ndipo penye siri yote. Chakula kilikuwa kidogo kila mahali, lakini mahali palikuwa pengi, na mtu aliyefuata msimu kwa miguu hakuhitaji ghala. Ghala lake lilikuwa kutembea.

Kwa nini Hispania ilishindwa

Cortés aliposhinda katika nyanda za juu za Meksiko aliwakuta wakulima waliokuwa wakilipa kodi ya mahindi kwa mabwana wao. Alichofanya ni kuchukua nafasi ya mabwana. Kusini mwa rasi hapakuwa na kodi ya kuchukua wala ghala la kupora. Askari mmoja aliyekaa pale alihitaji mahindi yavukishwe baharini kutoka bara, katika Ghuba ya California inayotenganisha rasi na bara, yenye upepo usiotabirika, kwa meli mbovu, na meli ikichelewa wiki tatu koloni zima lilikula ngozi na mizizi. Njaa ndiyo iliyomtoa Cortés. Francisco de Ulloa, aliyetumwa mwaka 1539, alipanda hadi mwisho wa ghuba na kuonyesha kwamba nchi ile imeshikana na bara, lakini haikusaidia kitu. Katika karne ya 17 wachora ramani wengi waliichora tena kama kisiwa.

Serikali haikuacha kutamani. Kuanzia mwaka 1565 merikebu za Kihispania kutoka Manila, Ufilipino, zilipita ncha ya rasi kila mwaka zikirudi Acapulco na hariri na viungo, mabaharia wakiwa wanakufa kwa kiseyeye, na mwaka 1587 Mwingereza Thomas Cavendish aliiteka merikebu ya Santa Ana karibu na Cabo San Lucas. Bandari ilihitajika. Sebastián Vizcaíno alijaribu La Paz mwaka 1596 na kuondoka. Isidro de Atondo alijaribu tena mwaka 1683 akiwa na padre Eusebio Kino, na jaribio hilo linastahili kutazamwa kwa karibu. Hofu ilikuwa imetanda pande zote mbili. Atondo aliwakaribisha Waguaycura kula mahindi ya kuchemsha, na walipokuwa wamekaa wakila akawafyatulia mzinga. Walikufa watu kadhaa. Muda mfupi baadaye Wahispania waliihama La Paz wenyewe, wakahamia San Bruno upande wa kaskazini, na mwaka 1685 ukame na maradhi vikawatoa huko pia. Taji, yaani serikali ya Mfalme wa Hispania, likaamua kwamba pesa yake haitakwenda tena California.

Chungu cha mahindi

Wajesuiti walikuja na pendekezo ambalo Mfalme hakuwa na sababu ya kulikataa: tutagharamia wenyewe. Kwa kibali cha Februari 1697 walipewa haki ya kuanzisha misheni kwa fedha za wafadhili, zilizowekwa katika mfuko uliokuja kuitwa Mfuko wa Wacha Mungu wa California, na kwa malipo hayo wakapata kitu kisicho cha kawaida katika himaya ile, yaani mamlaka ya kuwachagua na kuwafukuza askari na kapteni wao. Ilikuwa nchi ndogo ya mapadre. Walikataza walowezi, wakawakataza askari wao kuzamia lulu, na kwa miaka mingi wakafaulu.

Padre Juan María de Salvatierra alishuka Loreto Oktoba 1697 na askari wachache, sanamu ya Bikira Maria na chungu. Chungu ndicho kilichofanya kazi. Kila siku kilipikwa pozole, mahindi ya kuchemsha ambayo Mswahili angeyaona kama kande isiyo na maharagwe, na aliyekuja kujifunza sala na kusaidia kubeba mawe alipata sehemu yake. Haikuchukua mwezi kabla ya kutokea ugomvi juu ya magunia yenyewe. Mnamo Novemba wenyeji waliishambulia kambi, bunduki zikawarudisha nyuma, na baada ya hapo chungu kikaendelea. Salvatierra alikuwa ameelewa jambo ambalo waliomtangulia hawakulielewa: kwa watu wasio na ghala, mahali penye chakula cha uhakika kila siku ni kivutio ambacho mahubiri hayawezi kukishinda. Alikuwa amefungua msimu wa pitahaya usiokwisha. Ndivyo ulivyoonekana, walau.

Misheni zikafuatana: San Javier 1699, Mulegé 1705, Comondú 1708, La Paz na La Purísima 1720, San Ignacio 1728, San José del Cabo 1730. Ukizitazama kwenye ramani utaona zimefuata maji. Padre alihitaji kijito ili achimbe mfereji, alime ngano na mahindi, apande mizabibu na mitende; mitende ya San Ignacio na Mulegé ingali inasimama hadi leo, misitu mizima ya tende katikati ya miamba. Lakini kijito kile kilikuwa pia kisima cha mwisho cha kundi fulani katika miezi ya kiangazi, na sasa kilikuwa na ng'ombe ndani yake.

Shida iliyofuata ni ya hesabu tu. Mashamba hayo yalikuwa madogo, mafuriko ya ghafla yaliyafagia, nzige waliyamaliza, na hata katika mwaka mzuri misheni nyingi hazikuweza kuwalisha watu wote waliobatizwa humo. Meli za mahindi kutoka misheni za Wayaqui ng'ambo ya ghuba ziliendelea kuhitajika tangu mwanzo hadi mwisho. Mapadre wakatafuta njia ya katikati: makundi yatakuja kwa zamu. Kundi moja litakaa misheni wiki moja au mbili, lisali, lifanye kazi na kula, kisha lirudi porini kujitafutia, na jingine lichukue nafasi. Wazee, wagonjwa na watoto walikaa zaidi. Katika misheni kadhaa wasichana walilala katika nyumba yao iliyofungwa usiku.

Mfumo huu wa zamu kwa kawaida hutajwa kama jambo dogo la utawala. Kwa maoni yangu ndio kiini cha habari yote. Kundi lililotembea lenyewe, likiwa mbali na jirani zake kwa siku tatu za miguu, ni mahali pabaya kwa kirusi cha ndui: kinaua watu 60 na kufia hapo hapo. Makundi 10 yanayopishana katika uwanja mmoja, yakinywa mfereji mmoja, kisha kila moja likirudi upande wake wa mlima, ni barabara. Zamu iliwaleta watu kwenye maradhi na kuyasambaza maradhi hadi kwa ambao walikuwa bado hawajamwona Mhispania.

Mitala na maasi ya 1734

Kusini kulikuwa na tatizo la ziada. Kwa Wapericú mwanamume mwenye hadhi alikuwa na wake kadhaa, na mapadre waliliona hilo kuwa uasherati wa kukomeshwa kabla ya ubatizo. Mitala hiyo ilikuwa pia mpango wa chakula. Sehemu kubwa ya mlo wa kila siku ililetwa na wanawake, na wake wa mtu mmoja walikusanya na kupika kwa pamoja. Mume aliyeamriwa kubaki na mmoja alipoteza heshima na nusu ya jiko lake, na wake walioachwa, pamoja na watoto wao, walibaki bila kundi la kukusanya nalo, wakiwa mzigo wa misheni isiyokuwa na mahindi ya kutosha.

Maasi yalilipuka Oktoba 1734 yakiongozwa na watu wawili ambao kumbukumbu zinawaita Botón na Chicori. Padre Lorenzo Carranco aliuawa Santiago tarehe 1, na padre Nicolás Tamaral aliuawa San José del Cabo tarehe 3. Misheni nne za kusini zikaachwa. Merikebu ya Manila ilipofika mwanzoni mwa mwaka 1735 ikitarajia maji na matunda kwa wagonjwa wake, mabaharia 13 walioshuka na mashua waliuawa ufukweni. Hilo ndilo lililoiamsha serikali: gavana wa Sinaloa, Manuel Bernal de Huidobro, alivuka na askari pamoja na wapiganaji wa Kiyaqui, na hadi mwaka 1737 maasi yakawa yamezimwa.

Lakini waliopigana hawakumalizwa vitani. Walimalizwa na mawimbi matatu ya maradhi, mwaka 1742, 1744 na 1748, yaliyowakuta wakiwa wamekusanywa tena chini ya ngome mpya. Misheni ya San José ikashushwa hadhi na kuwa kituo kidogo chini ya Santiago, na ile ya La Paz ikahamishiwa Todos Santos, kwa sababu hapakuwa na watu wa kuhudumia. Katika miaka hiyo hiyo askari mstaafu, Manuel de Ocio, alikuwa ametajirika kwa lulu, na mwaka 1748 akafungua mgodi wa fedha wa Santa Ana. Walowezi ambao Wajesuiti waliwazuia kwa nusu karne waliingia kupitia nchi iliyobaki wazi.

Jinsi maradhi yanavyoua

Ndui, surua, homa za matumbo na kuhara damu vilikuja kwa vipindi, kaswende ilikaa. Tofauti hii ni muhimu. Jamii inaweza kupoteza theluthi ya watu wake kwa ndui na bado ikajijaza upya kizazi kinachofuata, ikiwa wanawake wapo na watoto wanaishi. Daftari za ubatizo na mazishi za misheni zinaonyesha kwamba hapa haikuwa hivyo. Watoto wengi walizikwa kabla ya kutambaa, na wanawake walipungua kuliko wanaume kwa namna ambayo mapadre wenyewe waliiona na kuiandika. Kaswende iliharibu mimba na kuzaa watoto wagonjwa. Kujazana penye maji machafu kuliwaongezea kuhara. Na mlo wa mahindi na ngano, uliochukua nafasi ya samaki, mbegu, nyama na matunda, ulijaza tumbo bila kuujenga mwili vilivyo.

Kuna jambo jingine ambalo hupita bila kusemwa. Mkulima akiugua mwezi mzima, mahindi yake yako darini na jirani anaweza kumpikia. Watu wenye ghala la kutembea wakiugua wote kwa pamoja, ghala limefungwa. Hakuna wa kwenda kuchoma mkonge, hakuna wa kuteka maji kisima cha nusu siku, na aliyepona homa anakufa kwa kiu na njaa siku nne baadaye. Kadiri wazee walivyokufa, ndivyo ujuzi wa nini kinaiva wapi ulivyokatika, na waliobaki wakategemea zaidi chungu ambacho hakikuwatosha.

Mapadre hawakutaka hivyo, na ni haki kulisema. Wengi wao walizika waumini wao kwa uchungu wa kweli na kufa wakiwa fukara. Gaspar de Portolá alipofika mwishoni mwa mwaka 1767 na amri ya Mfalme Carlos III ya kuwafukuza, akitazamia hazina iliyosemwa na uvumi, hakuikuta. Wajesuiti 16 walipanda meli Loreto tarehe 3 Februari 1768. Hata hivyo nia njema haibadilishi hesabu, na kila walipoona misheni inadhoofika dawa yao ilikuwa ile ile: kuwakusanya waliobaki mahali pamoja zaidi.

Waliowafuata walifanya hivyo hivyo kwa haraka zaidi. José de Gálvez, mkaguzi wa Mfalme, aliona mwaka 1768 kwamba Waguaycura wa Dolores na San Luis Gonzaga wako kwenye nchi kavu wakati Todos Santos kuna maji na mashamba bila wafanyakazi, akaamuru wahamishwe. Kwenye karatasi ilikuwa busara. Watu hao walikuwa bado wanaishi zaidi kwa kuokota kuliko kwa kulima, na nchi waliyoijua ilikuwa nyuma yao. Wengi walitoroka, na surua ikawaua wengi wa waliobaki. Wafransisko, shirika jingine la Kikatoliki, wakiongozwa na padre Junípero Serra, walikaa miaka mitano tu, wakaanzisha misheni moja, San Fernando Velicatá, na kuichukua mifugo, vyombo na waumini kadhaa wa rasi kwenda nao kaskazini kuanzisha San Diego mwaka 1769. Mwaka 1773 wakawaachia Wadominiko, shirika la tatu la Kikatoliki.

Kaskazini

Wadominiko walisukuma mstari wa misheni hadi nchi ya Wakumiai, Wapaipai na Wakiliwa, na huko mambo yalikwenda tofauti kidogo, kwa sababu zinazotokana na hayo hayo yaliyotangulia. Milima ya kaskazini ina misonobari na mialoni yenye mbegu za kuliwa, mvua ni nyingi zaidi, na mtu aliyeichoka misheni angeweza kuelekea mashariki, upande wa jangwa na Mto Colorado, akawa nje ya uwezo wa askari. Misheni zilikuja zikiwa zimechelewa na hazikudumu. Santa Catarina, iliyoanzishwa mwaka 1797 katika eneo la Wapaipai, ilishambuliwa na kuteketezwa na wenyeji mwaka 1840 na haikujengwa tena.

Kicochimí, lugha iliyosikika katika zaidi ya nusu ya rasi, kimekwisha, ingawa jina lake bado hubandikwa mara kwa mara kwa baadhi ya Wakumiai, jambo linalozidi kuwachanganya wanaosoma takwimu. Kiguaycura kimebaki karibu chote katika kitabu cha Baegert, na andiko refu zaidi tulilo nalo humo ni sala ya Baba Yetu pamoja na mafundisho ya imani, yaliyotafsiriwa na padre aliyelalamika kwamba lugha hiyo haina maneno. Kikiliwa kina wasemaji wanaohesabika kwa vidole. Wakumiai wamegawanywa na mpaka wa Meksiko na Marekani, na wanawake wa San José de la Zorra wangali wanasuka vikapu. Kule Santa Catarina ukuta wa misheni umebaki vichuguu vya udongo, na Wapaipai wanaoishi kando yake hufinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu na kuvichoma kwa moto wa wazi.